Ngoma Haiko Damuni

Mwimbaji ukimwambia mazoezi ni saa nane, atafika saa kumi na kuuliza kwa nini mmeanza bila yeye. Mpiga solo hasikilizi wimbo, anasubiri zamu yake. Mpiga rithim akizimia jukwaani, mtagundua wakati wa kugawana posho. Mpiga besi haongei, na siku akiongea ujue ameachwa na mke. Mpuliza saksafoni, ule mdomo wa bata, anadai nauli mbili, ya kwake na ya chombo. Mpiga dramu alikuwa akivunja sahani nyumbani mpaka mama yake akaona heri ampeleke bendi. Mpiga kinanda ni mtu wa kwaya aliyepotea njia. Na mgonga tumba? Huyo alikuja kubeba spika, akasahauliwa jukwaani.

Hivyo ni vichekesho vya garini. Bendi ninayopiga nayo kinanda nikiwa likizo ina watu tisa, na mara nyingi tunakuwa njiani kati ya Korogwe na Handeni, kama kilomita 65, kwenda kwenye harusi au kwenye baa iliyotukodi kwa sikukuu. Safari si ndefu, lakini watu tisa na vyombo vyao ndani ya Hiace moja wasipotaniana watagombana. Kwa hiyo wanataniana, na kila mtu ana kichekesho chake ambacho lazima akisikie kabla hatujafika.

Nimejiuliza kwa muda sasa kama huu ni utani kweli, au ni kitu kingine kilichovaa nguo za utani.

Sisi tuna bahati ya kuwa na neno hilo, na neno hilo lina sheria zake. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri kuhusu mahusiano ya utani barani Afrika, akaueleza kama ruhusa ya kutoheshimiana ambayo ndani yake kuna urafiki. Bibi yangu hakumsoma Radcliffe-Brown, ila angemwambia amesahau nusu. Mtani anakutukana, ndiyo, lakini mtani huyohuyo ndiye anayekuja msibani kwako, anafanya vituko makaburini ili wafiwa wapumue, anabeba kazi ambazo ndugu wa damu hawana nguvu ya kuzibeba siku hiyo. Na ukimtukana, haruhusiwi kukasirika. Korogwe, mji uliofikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1902 na kuzungukwa na mashamba ya mkonge, ulijaa watu wa makabila ya mbali waliokuja kukata mkonge katikati ya Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Watu hao waliishi pamoja kwa msaada mkubwa wa utani. Na waliishi kwa dansi pia: Jamhuri Jazz ya Tanga, kabla ya kuitwa hivyo, ilikuwa Young Nyamwezi, na jina hilo tu linakueleza vijana wake walikuwa wageni wa wapi.

Basi utani una masharti mawili. La kwanza, anayetaniwa anaweza kujibu kwa uzito uleule. La pili, anayetania anadaiwa kitu. Masharti hayo yakikosekana, kinachobaki ni dhihaka, hata kama wote wanacheka.

Vichekesho vya wanamuziki vipo duniani kote, na vinafanana kuliko muziki wenyewe unavyofanana. Wapenzi wa roki wana mpiga dramu wao asiye na akili na mpiga besi wao asiyeonekana. Kuna kauli inayorudiwa mpaka leo kwamba John Lennon aliwahi kusema Ringo Starr hakuwa mpiga dramu bora hata ndani ya Beatles. Mwanahistoria wa bendi hiyo, Mark Lewisohn, alipoifuatilia hakumkuta Lennon popote. Aliwakuta wachekeshaji wa redio na televisheni za Uingereza miaka ya mwanzoni mwa 1980, Lennon akiwa tayari ameuawa. Kinachonivutia hapo ni jinsi uongo huo ulivyoingia kirahisi. Watu walikuwa wameshaamua mpiga dramu ni mtu wa namna gani, wakakosa tu msemaji mwenye jina kubwa wa kumpachika maneno. Tabia yenyewe ni ya kale: Aristotle, katika kitabu cha nane cha *Siasa*, alitaka zumari ya aulosi iondolewe kwenye malezi ya vijana huru, sababu yake mojawapo ikiwa kwamba anayeipuliza hawezi kusema. Chombo kilikuwa kimeshamhukumu mpigaji.

Lakini nisiwe mnafiki. Vichekesho hivi vinachekesha kwa sababu vina ukweli ndani yake. Mwimbaji wetu wa kwanza kweli huchelewa. Mpiga solo wetu kweli hasikilizi. Mtu akiniambia dhana hizi ni uzushi mtupu, nitamwalika apande gari nasi hadi Kabuku.

Ukikaa jukwaani miezi michache unaanza kuona ukweli huo unavyotengenezwa. Mwimbaji amesimama mbele. Yeye ndiye anayetazamwa na bwana harusi, yeye ndiye anayejua jina la mjomba aliyetoka Dar na kulitaja katikati ya wimbo, na mjomba huyo akishaguswa anainuka na noti za elfu kumi kumi na kumtunza. Noti zinabandikwa kwenye paji la uso, zinaingizwa mfukoni, zinadondoka miguuni. Hakuna mjomba aliyewahi kuzunguka nyuma ya spika kwenda kumbandika noti mgonga tumba, kwanza kuna nyaya, na pili hamwoni. Mtu anayetunzwa kila Jumamosi kwa miaka kumi ataanza kutembea kama anayetunzwa. Mwache asimame nyuma kwa miaka hiyohiyo, na utembeaji wake utakuwa mwingine. Baadaye sisi tunaona mienendo yao na kusema, unaona, waimbaji ndivyo walivyo.

Sartre ana mfano wa mhudumu wa mgahawa, kwenye kitabu chake cha mwaka 1943, ambaye anahudumu kwa ukamilifu kupita kiasi: hatua zake za haraka mno, kuinama kwake kwa bidii mno. Anacheza kuwa mhudumu. Sartre anamwona kama mtu anayejidanganya, anayekimbia uhuru wake kwa kujifanya kitu. Nimemfikiria sana mhudumu huyo nikimtazama mpiga besi wetu. Gitaa zito la besi likiwa begani, hatoi neno. Anaitikia kwa nyusi. Lakini Jumatatu asubuhi mtu huyohuyo ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa la watoto zaidi ya 90, na anaongea tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilipomuuliza kwa nini jukwaani ni bubu, alisema, "Dada, besi ndivyo inavyotaka." Sartre angesema anajidanganya. Mimi nadhani anapumzika. Si kila anayevaa sura aliyopewa na wengine amenyang'anywa kitu; mwingine ameikuta inamtosha, na kwa mwalimu wa watoto 90 ukimya wa mpiga besi ni zawadi.

Kwa hiyo tatizo halipo kwenye kufanana na sifa za chombo chako. Watu pia wanazikimbia sifa hizo bila shida. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki kwa ajali mwaka 1979, alikuwa mwimbaji na mpiga solo katika mwili mmoja, na sijui vichekesho viwili hivyo vilikaaje pamoja kichwani mwake. Michael Enoch alianza kujulikana kwa gitaa la solo Dar es Salaam Jazz, akaishia kuwa mpuliza saksafoni na kiongozi wa Mlimani Park. Na yule mpiga rithim ambaye hakuna anayegundua akizimia? Omari Shabani alikuwa akipiga rithim Simba Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi na ndugu wa Kinyonga waliotokea Tanga hii yetu. Mwaka 1978 aliondoka na wenzake wakaanzisha Les Wanyika. Nadhani hapo waligundua.

Tatizo lipo kwenye sifa moja, na cha ajabu ni kwamba hiyo haisemwi kama tusi.

Mzee wetu wa tumba ni mtu wa vijiji vya Handeni. Bendi nzima inamheshimu, nami namwita mjomba. Kila anaposifiwa, sifa ni ileile: "Huyu ngoma iko damuni." Kiongozi wa bendi huiongezea chumvi: "Huyu amezaliwa nayo, hata akilala mikono inapiga." Wageni wa harusi wakisikia tumba wanasema Wazigua bwana, ngoma ni yao. Hakuna anayekusudia ubaya. Mimi, kwa upande wangu, nikibonyeza funguo nne sahihi naitwa msomi.

Sasa linganisha. Mimi nilifundishwa kinanda kwenye kwaya ya kanisa Korogwe, kwa miaka mitatu, kwa kitabu, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kinanda kilikuwa cha kanisa, umeme ulikuwa wa kanisa, mwalimu hakudai hela. Mzee alianza akiwa mtoto kwa kuwabebea ngoma wakubwa. Alitumwa kuziota motoni ngozi zikaze, na ngozi ikipasuka alichapwa yeye. Anasema alikaa misimu kadhaa akiruhusiwa kupiga ngoma ndogo tu, mdundo mmoja usiobadilika, usiku kucha, wakati wakubwa wanacheza nao kwenye ngoma kubwa. Akikosea, mkubwa alimgonga vifundo vya vidole kwa mkwaju bila kukatisha wimbo. Alipofika kwenye tumba za bendi alikuwa na elimu ndefu kuliko yangu, yenye walimu wengi kuliko wangu na mitihani mikali kuliko yangu. Ila elimu yake haikuwa na kiti wala kitabu, kwa hiyo tunaiita damu.

Na kilichomo damuni hakilipiwi. Mimi nilisoma, basi nirudishiwe gharama zangu. Yeye amezaliwa nayo, basi gharama yake ni ipi?

Kwenye daftari la bendi, harusi moja ya kawaida Handeni inagawanywa hivi: mwimbaji wa kwanza 60,000, mpiga solo 50,000, rithim, besi, saksafoni, kinanda na mwimbaji wa pili 40,000 kila mmoja, dramu 35,000, tumba 25,000. Tunzo hazimo, hizo ni za aliyebandikwa. Sisemi wote walipwe sawa. Mwimbaji wa kwanza anatunga, anatafuta kazi, na sauti ikikauka hakuna fundi wa kuitengeneza; mtu akinipa sababu hizo kwa 60,000 yake nakubali. Lakini nilipouliza sababu ya 25,000 nilipewa sifa. Nilielezwa jinsi mzee alivyobarikiwa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba muziki wetu wa dansi wenyewe unajua thamani ya ngoma, angalau kwa majina. Mahasimu wawili wakubwa wa historia ya dansi Tanzania ni Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park iliyoanza 1978. Msondo ni ngoma ndefu ya unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Bendi zenye magitaa na tarumbeta zilipotaka kujiita kitu kizito, hazikujiita solo wala sauti. Zilikwenda kuchukua jina nyuma, kule zilikokaa tumba, halafu zikarudi mbele nalo.

Hata sheria inasimama mbele. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua mtumbuizaji kwa haki nyingine pembeni. Nani ni yupi, hilo linaachwa kwa desturi, na desturi ya bendi inajulikana: aliyekuja na maneno na sauti ya kuimbia ndiye mtunzi, hata kama kilichowainua watu kwenye viti kilizaliwa mazoezini mikononi mwa mtu mwingine. Si desturi yetu peke yetu. Clyde Stubblefield alipiga dramu kwenye "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotoka mwaka 1970, na mdundo wake wa sekunde chache umekatwa na kubandikwa kwenye nyimbo zisizohesabika za hip hop. Alifariki mwaka 2017 bila kuhesabiwa kuwa mtunzi wa mdundo huo. Matthew Fisher alikuwa na bahati zaidi, au uvumilivu zaidi. Alipiga kinanda kwenye "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum mwaka 1967, kile kinanda ambacho ndicho watu wanachokikumbuka. Alifungua kesi mwaka 2005. Mwaka uliofuata mahakama ilimtambua kuwa mtunzi mwenza mwenye asilimia 40, na mwaka 2009 Mabwana wa Uingereza walilithibitisha hilo.

Naona tofauti ya watu hao wawili, na hainifurahishi ingawa inanipendelea. Kinanda kina sauti unayoweza kuiandika kwa nota, kuipeleka mbele ya jaji na kuipiga mahakamani. Mdundo wa ngoma ukiupeleka mahakamani utaambiwa ni wa wote, ni wa asili. Ni lilelile neno la damu, safari hii likiwa limevaa joho.

Nami nina damu yangu ya kusingiziwa. Nikishuka garini na begi refu la kinanda, wenyeji hunipokea vizuri sana: "Dada, na wewe unaimba?" Nikisema hapana, swali linalofuata huulizwa kwa macho, yakishuka kutoka usoni hadi kiunoni, kwa sababu mwanamke wa bendi asipoimba atakuwa mnenguaji. Mama mmoja wa Chanika alisubiri mpaka nimemaliza kufunga nyaya ndipo akaridhika. Hili lingekuwa dogo kama lisingekuwa la ajabu kihistoria. Kwenye unyago ngoma ni za wanawake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia inamkumbuka kwa sauti, lakini Unguja alikuwa pia kungwi na mpiga msondo. Wanawake walipiga msondo kabla ya kuwepo bendi yoyote yenye jina la Msondo, na bado bendi zetu zilipokuja, kwa sehemu kubwa, ziliwapa wanawake sauti na kiuno tu. Mikono yao haikuonekana kabisa. Angalau ya mzee inaonekana, hata kama inadhaniwa inapiga usingizini.

Rudi sasa kwenye masharti yale mawili. Je, mzee anaweza kujibu? Anaweza, na ulimi wake ni mkali; mwimbaji amewahi kunyamaza kutoka Michungwani hadi Segera kwa sababu yake. Sharti la kwanza limetimia. Lakini yanayosemwa na mzee yanaishia garini, wakati yanayosemwa juu ya mzee yanafika kwenye daftari. Hapo ndipo mizani inapolala upande. Na la pili: nani anadaiwa nini? Mtani wa kweli angekuwa wa kwanza kusimama kumtetea kwenye posho, kama anavyosimama msibani. Sikumwona.

Mzee alijitetea mwenyewe, na kwa ngoma. Mwezi uliopita, kabla ya harusi moja Handeni, alimwuliza kiongozi mbele yetu kama 25,000 itabaki palepale. Kiongozi akasema mjomba, wewe si unajua hali. Mzee akaitikia vizuri, wala hakununa. Usiku ule alipiga tumba bila kosa hata moja. Alipiga ule mdundo wa ngoma ndogo, ule wa mtoto anayejifunza, mmoja, usiobadilika, wimbo baada ya wimbo. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna kilichokuwa hai. Mpiga solo, ambaye hasikilizi, aligeuka nyuma mara tatu. Ilipofika chemko, pale magitaa yanapofunguka na watu huwa hawawezi kukaa, shangazi za bi harusi waliinuka, wakacheza kidogo, wakatazamana, wakarudi kwenye viti vyao. Mwimbaji alitaja majina ya wajomba wote. Alitunzwa mara mbili.

Kwenye kupakia vyombo kiongozi alimfuata mzee kwenye buti la gari. "Mjomba, leo ulikuwa unaumwa?"

"Siumwi. Leo nimepiga ile ya damuni. Ile niliyofundishwa ina bei yake."

Daftari limebadilika. Tumba sasa ni 35,000, sawa na dramu. Elfu kumi hiyo imetoka kwa mwimbaji wa kwanza elfu tano na kwa mpiga solo elfu tano, na mwimbaji hajaridhika. Anasema yeye ndiye anayeitafutia bendi kazi na sasa anakatwa kwa sababu mtu mmoja alisusa. Kwa hesabu hakosei. Mzee anasema tunzo nazo ziwekwe kwenye kapu moja ndipo waongee vizuri. Jumamosi tuna harusi Mkata, na mpaka naandika haya ni watu sita tu kati ya tisa waliotia saini ukurasa mpya.